Mgeni Aliyekula Bila Kushukuru: Nilivyochapa Kamusi ya Mwalimu kwa Programu ya Zamani

Mwalimu aliingia stesheneri yangu ya Mwanjelwa mwezi Juni, ile Juni ya Mbeya ambayo hata mwenye printa yenye joto pembeni anavaa jaketi mpaka saa tano asubuhi. Alishuka na Coaster ya kutoka Tukuyu, koti limelowa mabegani, na mfukoni alikuwa na flashi iliyofungwa kwenye leso kama pesa ya ada.

"Mugonile, tata," nikamwamkia. Mimi ni Mhehe wa Kilolo, na Kinyakyusa changu kinaishia hapo na kwenye kushukuru. Akacheka, akaitikia, akaniambia anataka nakala sitini za kamusi yake ndogo ya Kinyakyusa na Kiswahili, pamoja na hadithi sita za kusomea watoto. Desemba ukoo wote unakutana nyumbani, na kila mjukuu apate yake. Kazi aliianza mwaka 1994 kwa kalamu. Miaka michache baadaye kijana wa kujitolea kutoka Uingereza akamwingizia kwenye kompyuta, akaondoka. Faili zikahama kutoka disketi kwenda CD, na kutoka CD kwenda flashi. Hakuna aliyezifungua njiani.

Nikamwambia siku tatu. Naandika haya ili mwingine akiletewa faili za namna hii asitamke neno "siku tatu".

Nilipofungua faili kwenye Word nilidhani imeliwa na virusi. Kila baada ya mistari michache kulikuwa na nukta mwanzoni, ikifuatiwa na herufi mbili kubwa: `.TL`, `.PP`, `.SH`. Katikati ya maneno kulikuwa na mikwaju iliyolala kinyume na mabano yasiyofungwa. Neno la kwanza la kamusi lilisomeka hivi: `\*(uBm\*(uBnd\*(uB`. Karibu nimrudishie Mwalimu flashi yake nimwambie pole.

Kilichoniokoa ni ile `.PP`. Nilipokuwa chuoni niliwahi kuona alama za aina hiyo ndani ya kurasa za mwongozo za Linux, na nikakumbuka jina troff. Hii ni programu ya kupanga maandishi aliyoiandika Joe Ossanna huko Bell Labs, Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1970, kwa ajili ya mashine ya kuchapa kwa filamu iliyokuwa na fonti nne tu, kila moja na herufi 102. Mwaka 1990 James Clark akatoa toleo huria, groff, na ndilo linaloishi hadi leo ndani ya Linux. Maandishi unaandika kwenye faili la kawaida, maagizo unayaweka humohumo, kisha programu inapanga ukurasa. Zamani majina ya maagizo hayakuruhusiwa kuzidi herufi mbili. Ndiyo maana kijana yule aliandika `uB` badala ya jina linaloeleweka.

Laptopu yangu ya zamani ina Ubuntu, aina ya Linux, na groff iliyokuja nayo ni ile ndogo ya kusomea miongozo. Nikatumia bando kupakua kifurushi kizima, nikaandika `groff -ms kamusi.ms > kamusi.ps`, nikageuza kuwa PDF. Ilitoka bila kulalamika hata kidogo. Kichwa kipo katikati, aya zimenyooka, kurasa zina namba. Nikajiona fundi.

Halafu nikasoma neno la kwanza. Lilisema "mnd".

Anayejua Kinyakyusa ameshaelewa. Neno ni *ʉmʉndʉ*, maana yake mtu, na wingi wake ni *abandʉ*. Kiswahili kina irabu tano. Kinyakyusa kina saba, na zile mbili za ziada Mwalimu anaziandika ɨ na ʉ, yaani i na u zilizokatwa mstari katikati. Pia anatumia ŋ pale ambapo sisi tunaandika ng' ya ng'ombe. Programu ilikuwa imezitupa zote tatu, ukurasa kwa ukurasa. Mtu amebaki "mnd", watu wamebaki "aband".

Jambo la kwanza la kujua kuhusu groff ni kwamba ikikutana na jina isilolijua haisimami. Inaweka utupu mahali pake na kuendelea. `\*(uB` ni kama jina la mfuko: programu inatakiwa ifungue mfuko huo, itoe kilichomo na kukichapa. Mfuko ukiwa haupo, inachapa hewa. Onyo lipo lakini limezimwa tangu kiwandani. Lazima uliwashe kwa `-ww`. Nilipoiendesha tena nikiwa nimeweka hiyo, skrini ilijaa: `uB` haijulikani, `iB` haijulikani, `ng` haijulikani, mamia ya mistari. Kumbe mifuko ilielezwa kwenye faili jingine, na kijana alikuwa akizitaja faili zote mbili pamoja kila anapochapa. Ndani ya faili la kamusi hapakuwa na dalili yoyote kwamba kuna pacha wake. Pacha alipotelea kwenye disketi.

Nikampigia Mwalimu. Akasema hajui habari za faili, ila karatasi moja ya majaribio ya wakati ule anayo, ameitunza ndani ya Biblia. Akaileta wiki iliyofuata pamoja na mbalaga kwenye hotpoti, maana aliona kazi yake imekuwa ngumu kwangu. Ile karatasi ilikuwa dhahabu. Herufi zilionekana: u yenye kistari kimepita juu yake, kidogo kimepinda kulia. Nikajua alivyofanya, na ni kilekile walichofanya wapiga chapa wa zamani kwa taipureta: unapiga u, unarudi nyuma hatua moja, unapiga kistari juu yake. Groff inaweza hivyo kwa `\o`, ambayo inapanda herufi moja juu ya nyingine. Kwa hiyo nikaandika mistari miwili yangu:

`.ds uB \o'u-'`
`.ds iB \o'i-'`

Mtu akarudi. Nilifurahi nikaenda kununua chai ya tangawizi ya pili. Ila ŋ ilinishinda kwa njia hiyo. Nilijaribu n na j pamoja, ikatoka kitu kama ndoano iliyokunjwa.

Hapa nikafanya kosa la uvivu. Nikamtumia Mwalimu ukurasa wa mfano ambao u na i zimeandikwa kawaida bila vistari, nikamwuliza kama si bora tuende hivyo, mbona watu wengi wanaandika Kinyakyusa namna hiyo. Akanipigia jioni. Hakukasirika. Alisema, "Mwanangu, hicho ni Kinyakyusa cha kwenye simu. Anayekijua atakisoma. Mimi nawaandikia wasiokijua." Wajukuu zake wengi wamezaliwa Dar es Salaam na Dodoma. Wakiona u moja kwa sauti mbili, watazitamka zote kwa Kiswahili.

Basi nikaamua kufanya kwa haki. Njia ya kupandisha kistari ina dosari nyingine ambayo karatasi haionyeshi: ndani ya PDF neno linabaki u na kistari, vitu viwili, hivyo ukitafuta *ʉmʉndʉ* kwenye simu hulipati. Herufi hizi siku hizi zina namba zake za Yunikodi, ile orodha inayoipa kila herufi ya kila lugha namba yake: ɨ ni 0268, ʉ ni 0289, ŋ ni 014B. Kubwa zake ni 0197, 0244 na 014A. Groff inazikubali ukiandika `\[u0289]`. Nikabadilisha zote kwa `sed`, amri moja kwa kila herufi.

Nikazijaribu kwanza kwenye skrini, kwa `-Tutf8`. ɨ ikatokea. ʉ ikatokea. ŋ haikutokea. Nilipoteza siku nzima nikiamini kwamba ŋ ina laana yake. Umeme ukakatika saa nane, ukarudi usiku, mimi bado niko pale. Sababu ilikuwa herufi moja: nilikuwa nimeandika `\[u014b]`, na groff inataka herufi za namba hiyo ziwe kubwa, `\[u014B]`. Zile mbili zilipita kwa sababu namba zake hazina herufi ndani. Kama ungekuwa umekaa karibu ungenisikia nikijisema kwa Kihehe.

Baada ya hapo skrini ilikuwa safi, zote tatu zinaonekana. Nikageuza kuwa PostScript, lugha ya kuieleza printa ukurasa, na groff sasa ikalalamika kwa sauti: haioni herufi u0289, haioni u0268, haioni u014B. Usidanganyike na skrini. Kwenye skrini herufi inachorwa na fonti ya terminali yenyewe, lile dirisha la kuandikia amri, groff inapeleka namba tu. Kwenye karatasi groff inatumia fonti zake, na zile za kawaida za PostScript, Times na nduguze, zilitengenezwa kwa lugha za Ulaya Magharibi. Zina ü ya Wajerumani na ç ya Wafaransa. Ʉ ya Rungwe haimo. Wajerumani wa Moravian walifika Rungwe mwaka 1891, lakini waliotengeneza Times hawakupita huko.

Dawa ni kuipa groff fonti yenye herufi hizo. Nilichagua Charis SIL, ya bure, imetengenezwa makusudi kwa lugha za namna hii, na ina nene, mlazo na nene ya mlazo, kitu muhimu kwa kamusi. Ila groff ya zamani haisomi faili la fonti kama Word inavyosoma. Nieleze hapa polepole, maana ndipo nilipokwama siku nne.

Fungua fonti kwenye FontForge, uitoe upya katika muundo wa Type 42, na uweke alama ya kutoa pia faili la AFM, lile lenye vipimo vya kila herufi. Kisha programu ndogo iitwayo `afmtodit`, inayokuja na groff, inageuza AFM kuwa faili la maelezo ambalo groff inalielewa. Lipe jina linaloishia na R kwa kawaida, I kwa mlazo, B kwa nene, BI kwa nene ya mlazo, sehemu ya mbele ifanane. Mimi nilitumia CHS, hivyo CHSR, CHSI, CHSB, CHSBI. Faili zote ziingie kwenye folda ya `devps`. Hatua ambayo kila mtu anaisahau ni ya mwisho: kuna faili linaitwa `download`, humo unaongeza mstari wenye jina la fonti kama PostScript inavyolijua, kisha jina la faili lenyewe. Usipoweka, groff itapanga vizuri kabisa kwa vipimo sahihi, lakini fonti haitasafiri na kazi yako, na mashine nyingine itachapa kwa fonti yake yoyote. Jina la PostScript si jina la faili. Lipo ndani ya AFM, kwenye mstari wa FontName. Nililikosea mara mbili.

Nikaiambia itumie familia ya CHS, nikatoa PostScript, nikageuza kwa `ps2pdf`. Nilifungua PDF kwenye simu, nikatafuta *ʉmʉndʉ*, ikaruka moja kwa moja kwenye neno.

Mambo mawili madogo niyaseme haraka. Groff inakata maneno mwisho wa mstari kwa kanuni za Kiingereza usipoikataza, na Kiswahili chetu kinatoka kimechinjwa vibaya. Ukitumia `-ms`, weka `.nr HY 0`. Na ukipanga kamusi kwa `sort`, angalia herufi ngeni zimekwenda wapi. Kwangu maneno yote ya ʉ yalikwenda kukaa baada ya z, nikayahamisha kwa mkono.

Sasa hasara.

Wakati nasafisha faili niliona `\&` kila mahali, hasa mwanzoni mwa mistari. Haikuwa inachapa chochote. Nikadhani ni uchafu uliobaki kutokana na kuhamishwa mara nyingi, nikaifuta yote kwa amri moja. Nikapanga upya na mistari ili iwe na urefu unaolingana, ipendeze kwenye skrini. Kisha, kwa kuwa sasa ni Novemba na Mwalimu alikuwa ameanza kupiga simu kila Ijumaa, nikachapa nakala thelathini za kwanza. Kurasa 92, mbele na nyuma, karatasi 46 kwa kitabu. Rimu tatu kasoro, karibu shilingi elfu arobaini, na kujaza tona ambayo siiweki hata kwenye hesabu kwa kuwa inaniuma. Nikafunga kitabu kimoja kwa spairo, nikampa dereva wa Coaster ampelekee.

Mwalimu alikuja mwenyewe kesho yake. Alikaa kwenye benchi, akafungua hadithi ya tatu, akaniwekea kidole. Hadithi inahusu mgeni aliyefika wakati wa njaa akapewa chakula cha mwisho cha nyumba.

"Soma."

Nikasoma. Mgeni akala. Mgeni akasimama. Mama mwenye nyumba akatabasamu.

"Anatabasamu nini?" akaniuliza. "Mgeni wangu amekula, hakushukuru. Mnyakyusa hafanyi hivyo."

Kwenye faili mstari ulikuwepo: `'Ndaga fijo,' mgeni akasema, akainama.` Kwenye kitabu haukuwepo. Nilikaa nikiutazama mpaka nikahisi masikio yanapata moto. Katika groff, mstari unaoanza na nukta au na kialama cha juu hausomwi kama maandishi. Unasomwa kama agizo. Programu ilidhani nimeiagiza ifanye kitu kiitwacho "Ndaga", ikatafuta, haikukijua, ikameza mstari mzima kimyakimya. Na ile `\&` niliyoiita uchafu ndiyo ilikuwa mlinzi: haichapi chochote, kazi yake ni kukaa mbele ya kialama ili kisiwe cha kwanza kwenye mstari. Pale ambapo kijana hakuiweka ni kwa sababu kialama kilikuwa katikati ya mstari, na ni mimi niliyekisukuma mwanzoni nilipopanga mistari ipendeze. Yale maneno yanayoanza na nukta tatu, mtu anaposita kabla ya kujibu, nayo yalipotea kwa sababu hiyohiyo.

Niliendesha `grep -n "^'" kamusi.ms`, initafutie mistari inayoanza na kialama. Mistari kumi na nne. Ya nukta tatu ilikuwa mitano. Karibu yote ni maneno ya watu wakizungumza, hivyo katika hadithi sita, watu walikuwa wakitazamana tu. Kama ningerudia `-ww` baada ya kusafisha, ingenitajia "Ndaga" kuwa agizo lisilojulikana. Niliitumia mara moja mwanzoni, nikaona tatizo limekwisha, sikuigusa tena. Na mimi nisiyejua Kinyakyusa nilikuwa nimejipa kazi ya kuhakiki Kinyakyusa. Ningempa Mwalimu nakala moja asome hadi mwisho kabla ya kuwasha printa, ningelipa nauli yake ya kwenda na kurudi na bado ningebaki na rimu zangu.

Nilimwambia gharama ni yangu. Alibishana kidogo, kisha akakubali kwa sharti kwamba zile nakala mbovu azichukue, shule ya jirani watoto watumie upande wa kamusi, maana kamusi haikuharibika. Nikazichana hadithi, nikafunga upya kamusi peke yake.

Safari hii nilianza na faili lake la asili, lenye walinzi wote. Sikugusa urefu wa mstari hata mmoja. Niliweka herufi, fonti na `.nr HY 0`, nikaendesha `-ww` mpaka ikanyamaza, kisha nikatoa maandishi kutoka kwenye PDF na kuyalinganisha na ya faili, hadithi kwa hadithi. Mwalimu alisoma nakala ya kwanza siku mbili, akiwa amekaa kwenye benchi langu na blanketi la Kimasai miguuni, akaona makosa matatu. Yote yalikuwa yake, ya mwaka 1994.

Nakala sitini zilitoka wiki ya pili ya Desemba. Ukurasa wa mwisho, baada ya hadithi, niliongeza bila kumwuliza: jina la fonti, namba sita za herufi zake, na mistari yote ya maagizo niliyotumia, kwa herufi ndogo. Aliuona palepale, akausogeza mbali na macho.

"Na hii ni lugha gani?"

"Ni ya mashine, Mwalimu. Yule kijana aliiandika kwenye faili lake, likapotea. Mimi nimeiweka ndani ya kitabu."

Akatazama tena. Akatoa kalamu mfukoni, akaandika chini yake kwa mwandiko wa ubaoni: *Ndaga fijo*. Kisha akachukua nakala ya pili kwenye bunda, akafungua ukurasa wa mwisho, akaanza kuandika tena.